Mwachieni bata bukini vifaranga wake

Katika nyumba nyingi zinazofuga bata bukini watatu au wanne uani, siku ya kutotoa hugeuka siku ya shughuli. Mama ameatamia mwezi mzima, mayai yameanza kupasuka, na kabla kifaranga wa mwisho hajakauka, mikono ya watu imekwisha kuingia kiotani. Vifaranga wanatiwa kwenye boksi, boksi linapelekwa jikoni, balbu inawashwa juu yao, na sahani ya pumba na kikombe cha maji vinawekwa pembeni. Nje, mama anazunguka akilia. Wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wanaamini wamewaokoa wadogo hao na baridi, kunguru na miguu mizito ya mama yao. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa mfugaji wa kawaida wa Afrika Mashariki, uokoaji huo una madhara makubwa kuliko hatari unazokusudia kuzizuia. Anayetaka vifaranga wa bata bukini wakue vizuri amtunze mama yao, kisha amwachie mama kazi ya kulea.

Kosa hili lina chimbuko lake. Kwa karne nyingi ndege wa nyumbani kwetu amekuwa kuku, na kila tunalolijua kuhusu kifaranga tumelijua kwa kuku. Bata bukini ni mgeni. Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la Madagaska, na jina hilo ladokeza kwamba kwa watu wa pwani huyu alihesabiwa ndege wa kutoka ng'ambo. Asili yake hasa ni bata bukini wa mwitu wa Ulaya na Asia, ambao dume na jike huishi pamoja kwa miaka na hulea watoto wao kwa pamoja. Hatukurithi kwa mababu maarifa ya kumlea, kwa hiyo tunamlea kana kwamba ni kuku mkubwa. Tunampa pumba za kuku, boksi la kuku na dawa za kuku. Lakini yeye ni ndege wa majani, wa maji na wa familia, na ukimnyima hayo matatu katika majuma yake ya kwanza hutayafidia kwa balbu.

Tumtazame kwanza kiumbe mwenyewe. Yai la bata bukini huatamiwa kwa siku zipatazo 30, zikipungua au kuzidi kidogo kwa kadiri ya aina ya ndege, ilhali la kuku hukamilika kwa siku 21. Kifaranga hutoka macho yakiwa wazi na mwili umefunikwa manyoya laini, na baada ya saa chache anasimama, anatembea na kudonoa. Kabla ya kuvunja ganda huwa amekwisha kukivuta tumboni mwake kiini cha yai kilichobaki, na hicho ndicho akiba yake ya siku ya kwanza na ya pili. Ndiyo maana wauza vifaranga huweza kuwasafirisha wakiwa na umri wa siku moja kabla ya kuwalisha, na ndiyo maana hakuna haja ya kumkimbilia na unga pindi anapotoka. Akiba hiyo ina kazi. Mayai ya kiota kimoja hayapasuki kwa saa moja, na kiini hicho humwezesha wa kwanza kuvumilia chini ya mama mpaka wa mwisho atoke. Siku moja au mbili kabla ya ganda kupasuka, vifaranga hulia wakiwa bado ndani ya yai, na mama huwajibu kwa sauti ya chini. Mtu anayetia mkono wakati huo anavuruga kazi iliyokwisha kupangwa. Akiwaondoa watano wa kwanza, mama anaweza kuyaacha mayai yaliyobaki ili awafuate wanaolia nje. Akimvunjia ganda aliyechelewa, anaweza kukata mishipa ya damu ambayo haijakauka, na kifaranga akafa mikononi mwake.

Baada ya kutoka, mahitaji ya kwanza ni joto. Manyoya laini ya kifaranga hayatoshi kumhifadhi, na mwili wake bado hauwezi kujipasha joto ipasavyo. Kwa vifaranga wanaolelewa bila mama, wataalamu hushauri nyuzi za Selsiasi 32 hadi 35 katika juma la kwanza, kisha zipunguzwe kama nyuzi tatu kila juma. Ni nani kati yetu mwenye boksi na balbu moja aliye pia na kipimajoto, na anayeamka usiku kukisoma? Mama hahitaji kipimo. Kabla ya kuatamia amejing'oa manyoya ya kifuani na kuyatandika kiotani, kwa hiyo ngozi yake yenye joto inagusa mayai, na baadaye vifaranga, bila kizuizi. Chini ya mbawa zake mwenye baridi huingia na mwenye joto hutoka, kila mmoja kwa kadiri anavyohitaji. Umeme ukikatika saa nane za usiku, balbu huzimika, mama hazimiki. Katika miezi ya kipupwe huko Njombe, Mbeya au Limuru, familia isiyo na umeme wa uhakika hulazimika kuwasha jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, na moshi wake usioonekana ni hatari kwa watoto wa nyumba kabla haujawa hatari kwa vifaranga. Joto la mama halina gharama wala sumu.

Lakini joto si kitu pekee anachokitafuta kifaranga anapojisogeza chini ya bawa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Oskar Heinroth wa Ujerumani alieleza jambo lililomshangaza: vifaranga wa bata bukini waliototolewa kwa mashine, wakishamwona mtu, walikataa kwenda kwa bata bukini wenzao, wakamkimbilia mtu kana kwamba ndiye mzazi. Konrad Lorenz wa Austria alilichunguza jambo hilo kwa undani na kuandika juu yake mwaka 1935. Alionyesha kwamba katika saa za mwanzo za maisha kifaranga huyu humshika moyoni yule anayemwona akitembea na kumwitikia, na kwamba muhuri huo ni mgumu kufutika. Mwaka 1973 Lorenz alikuwa mmoja wa wanasayansi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wao wa tabia za wanyama. Wengi wanazijua picha zake akifuatwa na msururu wa vifaranga na huziona kama jambo la kupendeza. Kwa mfugaji zina onyo. Kifaranga aliyemfanya binadamu mama hulia kila anapoachwa peke yake, na binadamu ana shamba la kulima, gari la kuwahi na watoto wa kupeleka shule. Kifaranga huyo hamfuati bata bukini mkubwa kwenda malishoni wala haelewi mlio wake wa hatari. Akikomaa anaweza hata kuwashobokea watu badala ya wenzake, na kundi likapungukiwa mzazi. Kumwacha na mama katika siku mbili tatu za mwanzo ni kumpa utambulisho atakaoishi nao maisha yake yote, na bata bukini anaweza kuishi miaka 20.

Tuje kwenye chakula, ambako hasara ya boksi huonekana kwa macho. Bata bukini ni mmoja wa ndege wachache wa kufugwa wanaoweza kuishi kwa sehemu kubwa kwa majani. Kingo za mdomo wake zina meno madogo kama ya msumeno, yaliyoumbwa kwa ajili ya kukata nyasi. Mama huwatoa vifaranga kiotani mara wanapokauka na kupata nguvu, huwapeleka penye ukoka mchanga, huukata, nao humwiga. Ndani ya boksi chakula huwa pumba za mahindi au ugali uliofikichwa. Hapo ndipo miguu huanza kupinda. Mwongozo wa lishe ya ndege uliochapishwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1994 unataja miligramu 65 za vitamini iitwayo niasini kwa kila kilo ya chakula cha kifaranga wa bata bukini katika majuma manne ya kwanza. Kwa kifaranga wa kuku wa mayai unataja 27, na kwa wa nyama 35. Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Ndiyo sababu hata watu wanaoishi kwa mahindi matupu huugua pelagra. Kifaranga anayekua kwa kasi juu ya pumba tupu, asiyeona jua na asiyetembea, hulegea magoti, kisha hukaa chini, kisha haamki tena. Mwenye mama hutembea mchana kutwa juani akila majani ya kila namna. Mfugaji anayetaka kuongeza na aongeze dagaa waliosagwa na hamira kavu kidogo kwenye chakula, lakini amkute kifaranga malishoni.

Kosa la upande wa pili ni kulisha kwa kupita kiasi. Mwongozo huohuo unaeleza protini ya asilimia 20 kwa majuma manne ya kwanza na 15 baada ya hapo. Wanaopewa chakula kizito mno hukua upesi kuliko mifupa yao, na unyoya mzito huvuta ncha ya bawa hadi ikageuka nje na kubaki hivyo. Chakula cha kuku wa mayai nacho hakifai, kwa sababu chokaa yake nyingi huumiza figo za ndege mchanga. Vilevile dawa za kuhara damu zilizokwisha kuchanganywa katika chakula cha vifaranga wa kuku zimepimwa kwa kuku, na kifaranga wa bata bukini hula zaidi, kwa hiyo humeza dawa zaidi. Yote haya ni mitego ya mfugaji aliyechukua kazi ya ulishaji mikononi mwake. Malisho hupunguza mitego hiyo, kwa sababu nyasi hujaza tumbo bila kuharakisha mwili.

Maji yanahitaji maneno yake peke yake, maana ndiyo yanayochanganya watu zaidi. Kifaranga huyu lazima apate maji yenye kina cha kuzamisha mdomo mzima hadi puani, kwa kuwa ndivyo anavyosafisha pua na macho, na chakula kikavu bila maji humkaba koo. Hata hivyo karai lenye kuta zilizosimama ni kaburi. Anaingia kwa furaha, analowa, anashindwa kupanda, anakufa kwa baridi au kwa kuzama. Jibu ni chombo kipana chenye mawe ndani, ya kusimamia na ya kupandia. Anayelelewa kwa balbu hapaswi kuachiwa aogelee mpaka aanze kuota manyoya ya kweli, kwa sababu akilowa hana wa kumkausha. Aliye na mama huingia majini mapema akiwa kando yake, hutoka mama anapotoka, na hukaushwa chini ya bawa lilelile lililomtotoa. Maji ni yaleyale na umri ni uleule. Kinachomwokoa mmoja ni mwili wenye joto unaomngoja ukingoni.

Nimemtaja mama, na haki inataka nimtaje baba. Jogoo hana habari na vifaranga wake, hivyo wengi wetu humfungia nje dume la bata bukini siku ya kutotoa kwa kudhani ni fujo tu. Dume hili ni mlinzi. Jike linapoatamia, dume husimama karibu; vifaranga wanapotoka, hutembea nao, mara nyingi mama mbele na baba nyuma, shingo juu, likitazama angani. Anayetaka kushuhudia malezi ya namna hiyo bila kufuga hana haja ya kwenda mbali. Bata bukini wa Misri, ndege wa mwitu aliyejaa katika maziwa ya Bonde la Ufa kama Naivasha, ingawa ni jamaa wa mbali, naye hulea vifaranga akiwa na mwenziwe, na wote wawili humkabili adui. Pale ambapo madume ni mengi na yanapigana, yatenganishwe. Lakini dume la jike hilo libaki na familia yake.

Kazi ya mfugaji basi ni ipi? Ni nyingi, na huanza kabla ya yai kupasuka. Mama anayeatamia hutoka kiotani kwa muda mfupi tu kwa siku na hupungua uzito sana, kwa hiyo awekewe chakula na maji hatua chache kutoka alipo. Kiota kiwe pakavu, penye kivuli na mbali na njia ya watu, mbwa na watoto. Matandazo yawe majani makavu au maranda yasiyo na ukungu, kwa maana ukungu ukivutwa na kifaranga hushambulia mapafu yake. Wakishatoka, familia itengewe sehemu ya nyasi fupi iliyozungushiwa wavu, banda kavu la kulala lenye nafasi ya kutosha, na mlango unaofungwa kila magharibi na kufunguliwa jua likichomoza. Matandazo yabadilishwe kila yanapolowa, na maji yabadilishwe kila siku. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Neno hilo lina huruma, na pia lina hesabu ndani yake: anayemdhuru mlezi hupoteza watoto wote kwa pigo moja.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao la kwanza ni la uchumi. Watasema bata bukini akiachwa aatamie na alee, huacha kutaga. Mayai yakichukuliwa na kupelekwa kwenye mashine ya kutotolesha, hutaga zaidi. Hilo ni kweli. Bata bukini hutaga mayai machache, aghalabu kati ya 20 na 50 kwa mwaka kwa kutegemea aina, na kila yai lina thamani. Hata hivyo lazima tutofautishe kutotolesha na kulea. Wamisri wa kale walitotolesha mayai katika matanuri ya udongo, na kwa hiyo kazi ya kuatamia imekwisha kupata mbadala tangu zamani. Kazi ya kulea ni ghali zaidi, na shamba kubwa hulipia umeme wa akiba, chakula maalumu na watumishi wa zamu ya usiku. Shamba la namna hiyo lina njia yake, wala sina ugomvi nalo. Mwenye majike mawili akitaka faida ya pande zote, achukue mayai ya mkupuo wa kwanza apeleke kwenye mashine au kwa kuku anayeatamia, kisha amwachie bata bukini mkupuo wa mwisho autotoe na aulee. Na hesabu yake aifanye kwa vifaranga waliofikisha miezi mitatu, kwa sababu yai lililototolewa na kuzikwa juma la pili halijaongeza kitu.

Pingamizi la pili ni la maadui na la kukanyagwa. Pwani yetu ina tatizo la kweli. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ametapakaa Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko, huiba vifaranga mchana kweupe na huja kwa makundi. Bara kuna mwewe, nguchiro, vicheche na siafu. Mzazi mmoja au wawili hawawezi kuwazuia wote. Lakini tiba ya kunguru ni wavu juu ya uzio kwa majuma ya mwanzo, na wavu huo humfunika mama na watoto kwa pamoja. Hakuna adui yeyote katika orodha hiyo anayemtaka mfugaji awatenge. Ama kukanyagwa, hutokea, na hutokea zaidi pale kiota kilipobanwa kwenye pembe, bata bukini wengi wanapolala chumba kimoja, au watu wanapomshtua mama mara kwa mara hadi anaruka bila kutazama. Mpe nafasi na utulivu, na sehemu kubwa ya ajali hizo itakoma.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo ni la magonjwa. Ndege wakubwa hubeba minyoo na vijidudu ambavyo kwao si kitu lakini huwaangusha wadogo. Bata bukini wachanga huweza kushambuliwa na koksidia wa figo na minyoo wa firigisi. Wala tusisahau kwamba kirusi cha mafua makali ya ndege, H5N1, ambacho vizazi vyake vimesumbua dunia, kilitambuliwa mwaka 1996 kwa bata bukini katika jimbo la Guangdong, China. Anayesema tahadhari inahitajika amesema kweli. Ila tahadhari yenyewe ni kuitenga familia na kundi, na haidai kumtenga mtoto na mama. Mama mwenye afya amekwisha kumpa kifaranga kinga kupitia kiini cha yai, na hao wawili tayari wamekaa katika mazingira mamoja. Hatari inayozidi ni ndege wageni walionunuliwa sokoni jana, kuku waliochanganywa humo, dimbwi linalotembelewa na ndege wa mwitu, na eneo moja la nyasi lililotumiwa miezi mfululizo. Familia ihamishwe kwenye nyasi mpya mara kwa mara, ndege wageni watengwe kwanza, na vifo vya ghafla viripotiwe kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Boksi la jikoni, lenye matandazo yaliyolowa na joto la balbu, ni mahali ambapo vijidudu hustawi kuliko kwenye nyasi zenye jua.

Mwisho husemwa kwamba bata bukini mwenye watoto ni mkali, huuma watoto na wageni, na kwamba aliyelelewa kwa mkono huwa mpole. Ukali huo upo, na watoto wadogo wasiachwe wamkaribie. Lakini una mipaka ya mahali na ya wakati: ni wa kulinda kiota na vifaranga wadogo, nao hupungua wanapokua. Mtu mmoja akiwahudumia kwa saa zilezile, kwa mwendo uleule wa taratibu, mzazi humzoea na vifaranga hujifunza kwa mama kwamba mtu huyo si adui. Upole wa namna hiyo hudumu. Tena wengi wetu tunawafuga ndege hawa kwa sababu ya ukali wao, ili wapige kelele mgeni anapokanyaga ua usiku. Ni vigumu kuupenda ukali wao usiku na kuwaadhibu kwa ukali uleule asubuhi, wanapoutumia kwa kusudi walilofugiwa.

Sikusema mkono wa mtu usiingie kamwe. Upo wakati wa kuingia. Yai lililoachwa likiwa limetoboka, kifaranga aliyekutwa amepoa kama maiti, watoto waliokataliwa na mama mpya aliyeshtuka, au waliofiwa na mama, hao wanahitaji balbu, chupa ya maji ya moto na subira. Aliyepashwa joto akapata nguvu arudishwe chini ya mama usiku, gizani na kimya kimya, na heri iwe ndani ya siku moja au mbili, kabla hajamshika mtu moyoni. Yatima anaweza kupachikwa kwa mama mwingine mwenye vifaranga wa umri huohuo. Ikishindikana kabisa, asilelewe peke yake. Walau wawe wawili, wajuane kuwa wao ni nani. Huo ni msaada wa dharura, na una heshima yake. Tatizo letu ni kwamba tumeigeuza dharura kuwa desturi, tukampokonya mama mzima, mwenye afya na nia, kazi anayoijua kuliko sisi.

Maafisa ugani wanaowafundisha wananchi ufugaji wa kuku waongeze somo fupi la bata bukini, wakianza na niasini, maji na wavu. Wanaouza vifaranga wa siku moja wamweleze mnunuzi wazi kwamba ananunua pamoja nao mwezi mzima wa kazi ya usiku na mchana. Na mwenye kuanza ufugaji, akiweza, anunue jozi ya wazazi au mama pamoja na watoto wake. Nawe msomaji, kama jike lako limeatamia leo, hesabu siku 30, andaa wavu, chombo kipana cha maji na nyasi fupi, kisha siku ya kutotoa ikifika kaa mbali uwatazame. Mama atawatoa mwenyewe.